Mume zuzu, mke mjuaji: nani anadhalilishwa kwenye tangazo?

SWALI: Mimi na mke wangu tuna ubishi usioisha. Yeye anasema matangazo ya televisheni yanawadhalilisha wanawake. Mimi nikitazama naona kinyume: wanawake ndio waliojaa humo, ni wazuri, wana akili, wanacheka muda wote, na waume zao ndio wanaofanywa mazuzu wasiojua hata kuwasha mashine ya kufulia. Sasa nani mwenye haki ya kulalamika? Na binti yetu wa miaka tisa, anayetazama haya kila jioni, kuna kitu kinamwingia?

JIBU: Kaka, macho yako hayajakudanganya, na ya wifi yangu hayajamdanganya. Wewe umehesabu waliomo kwenye tangazo, yeye ametazama wamepewa kazi gani. Nimekula mkate wa matangazo kwa miaka mingi, kwanza nikiyaandika, baadaye nikiyachambua, na hesabu yako hiyo imewahi kutudanganya hata sisi wenye kazi.

Nianze na zuzu wako, maana naona ndiye aliyekuudhi. Mwandishi wa tangazo ana sekunde 30, siku hizi mara nyingi 15. Hana muda wa kukutambulisha kwa mtu mpya, kwa hiyo anachukua watu ambao tayari unawajua: bibi mpole, bosi mkali, mke nadhifu, mume mzembe. Mume anasimama mbele ya mashine, anabonyeza hiki na kile, povu linafurika sakafuni, tunacheka. Kicheko chetu kimeshakubali jambo ambalo hakuna aliyelitamka: kwamba kufua ni ujuzi wa kuzaliwa nao, na waliojaliwa ni wanawake. Kisha mke anaingia, anatikisa kichwa kwa upendo, anamnyang'anya sabuni, anamaliza kazi. Ameshinda. Tazama basi zawadi ya ushindi wake: amebaki na nguo za watu wanne za kufua, na mwenzake ameruhusiwa kwenda kukaa.

Kwa hiyo mume zuzu na mke mjuaji ni pande mbili za shilingi moja. Mume anatukanwa kwa dakika nusu, na tusi hilo linampa likizo ya maisha. Mke anasifiwa kwa dakika nusu, na sifa hiyo inamfunga kamba.

Uingereza waliliona hili. Tangu tarehe 14 Juni 2019 kanuni zao zinakataza tangazo lenye dhana za kijinsia zinazoelekea kuleta madhara, au kuudhi vikali au kwa upana. Mifano iliyotolewa kufafanua kanuni hiyo inakuhusu wewe kama inavyomhusu wifi: mwanamume aliyenyoosha miguu huku mwanamke peke yake akisafisha uchafu wa familia nzima, mwanamume anayeshindwa kubadilisha nepi kwa sababu tu ni mwanamume, mwanamke anayeshindwa kuegesha gari kwa sababu tu ni mwanamke. Kumwonyesha mwanamke akifagia hakukukatazwa. Watu wengi hulisahau hilo wanapopiga kelele kwamba wanaharakati wanataka kufuta akina mama kwenye televisheni.

Matangazo mawili ya kwanza kupigwa marufuku kwa kanuni hiyo, Agosti 2019, ni kama yalitengenezwa kwa ajili ya ubishi wenu. La kwanza lilikuwa la jibini ya Philadelphia. Akina baba wawili wako mgahawani, chakula kinapita mbele yao kwenye mkanda unaozunguka. Wananogewa na kula hadi watoto wao wachanga wanabebwa na mkanda, wanazungushwa kama sahani. Mwisho baba mmoja anasema mama asiambiwe. Malalamiko yalifika 128, na hoja iliyoshinda ni kwamba tangazo linawafanya wanaume waonekane hawawezi kulea. Hapo umepata haki yako, kaka.

La pili lilikuwa la gari la umeme la Volkswagen, na hili nataka tukae nalo, kwa sababu hakuna mtu anayetukanwa ndani yake. Linaanza kwenye hema lililotundikwa kwenye jabali: mwanamke amelala, mwanamume anazima taa. Kisha wanaanga wawili, wanaume, wanaelea ndani ya chombo chao. Kisha mwanariadha mwanamume mwenye mguu wa bandia anaruka mruko mrefu. Ujumbe ni kwamba binadamu akijifunza kuendana na mazingira hakuna asiloliweza. Picha ya mwisho, mwanamke ameketi kwenye benchi, kando yake kigari cha mtoto. Gari linapita bila mlio. Anainua macho.

Waliolalamika ni watatu tu. Kampuni ilijitetea kwamba kumlea mtoto mchanga nako ni kuzoea mabadiliko makubwa, na mzazi yeyote aliyekesha na mtoto atakubali. Kichukue kipande cha benchi peke yake, hakina kosa. Mama kukaa na mwanawe kivulini ni kosa gani? Lakini hakuna anayetazama kipande peke yake. Picha zikipangwa foleni zinaanza kusemezana: huyu yuko angani, huyu anaruka, huyu amekaa. Mwanamke wa pili, yule wa hemani, hata macho hakufumbua. Maana ilizaliwa kwenye mpangilio, na nina hakika waliolihariri hawakukusudia. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko tangazo la matusi ya wazi. Aliyekusudia unaweza kumkanya.

Ukitaka kumwelewa wifi, jaribu hivi: tangazo likianza, fumba macho. Nani anasema? Mwaka 1975 watafiti wawili wa Marekani, Leslie Zebrowitz McArthur na Beth Resko, walichapisha uchunguzi ambao hadi leo wachambuzi tunautumia kama futi kamba. Waligawa wahusika wakuu wa matangazo kwenye mafungu mawili: anayejua bidhaa na anayeitumia. Wanaume walio wengi, asilimia 70, walikuwa wajuzi. Wanawake asilimia 86 walikuwa watumiaji. Waliangalia pia kila mmoja anaambiwa atapata nini akinunua. Mwanamume aliahidiwa kupanda kazini na kwenye jamii. Mwanamke aliahidiwa kwamba nyumbani watafurahi. Tangu hapo kipimo hicho kimezungushwa nchi nyingi. Adrian Furnham na Twiggy Mak walipokusanya tafiti 14 za mabara matano mwaka 1999, picha iliyojitokeza ilikuwa ya ndugu wa tumbo moja, na kwenye sauti ya msimulizi, ile usiyomwona mwenyewe, wanaume waliendelea kutawala.

Mgawanyo huu ni wa zamani kama matangazo yenyewe. Tangazo la kwanza kurushwa kwenye televisheni ya Uingereza, tarehe 22 Septemba 1955, lilikuwa la dawa ya meno ya Gibbs SR, na dawa yenyewe ilikuwa ndani ya bonge la barafu. Mwanamke anapiga mswaki. Mwanamume anaeleza.

Nikupe kisa changu mwenyewe, maana nilikuwemo chumbani. Tulikuwa tunatengeneza tangazo la vidonge vya maumivu, na mimi ndiye niliyepigania mfamasia awe mwanamke. Nikashinda. Mwigizaji akaja, mtu mzima, sauti tulivu, koti jeupe limemkaa. Alikuwa na sentensi moja ya kitaalamu, akaisema vizuri mara ya kwanza. Wiki mbili baadaye, chumba cha uhariri, mteja akasikiliza akakunja uso: sauti haina uzito. Hakuna aliyeuliza uzito huo unapimwa kwa kilo gani. Akaitwa msimulizi mwanamume, akarekodi sentensi ileile chini ya saa moja. Tatizo likabaki kwenye picha, kwamba mdomo wa mfamasia unacheza na sauti si yake. Mhariri akafanya anachofanya mhariri. Akaacha mfamasia anyanyue kichwa, amtazame mgonjwa, afumbue midomo, hapo akakata, ikaingia picha ya boksi. Sauti ya mwanamume juu ya boksi. Kisha tunarudi kwa mfamasia, anatabasamu.

Likarushwa. Wenzangu wakanipongeza: umetuletea mwanamke mtaalamu. Kwa hesabu yako, kaka, ni alama moja kwa wanawake. Mimi kila nikiliona nilikuwa natazama ile midomo.

Ukubwa wa jambo hili ulipimwa mwaka 2017, pale taasisi ya mwigizaji Geena Davis pamoja na kampuni ya matangazo ya J. Walter Thompson walipochambua filamu za matangazo zaidi ya 2,000 zilizoshiriki tuzo za matangazo za Cannes, Ufaransa, kati ya 2006 na 2016. Haya ndiyo yanayohesabiwa kuwa bora duniani, tafadhali. Wanaume walionekana kwa muda karibu mara nne ya wanawake, na walizungumza karibu mara saba. Matangazo yenye wanaume watupu yalikuwa asilimia 25. Yenye wanawake watupu, asilimia 5. Na umri: wanaume waliruhusiwa kuwa na miaka ishirini na kitu, thelathini na kitu, arobaini na kitu. Wanawake wengi walikwama kwenye ishirini na kitu. Kwamba kwenye televisheni yako wewe unaona wanawake wamejaa, nakubali. Inategemea unatazama saa ngapi na kinauzwa nini. Kwenye sabuni, nepi na vipodozi wamejaa kweli. Ngoja yafike matangazo ya benki, magari na simu, uhesabu upya.

Sasa fungua macho uzime sauti. Mwanasosholojia Erving Goffman alichapisha mwaka 1979 uchambuzi wa picha za matangazo, na ingawa alishughulika na picha za kuchapwa, ukishamsoma hutatazama mikono kama zamani. Mkono wa mwanamume unashika kitu ili kukitumia: unakaza, unafungua, unaendesha. Mkono wa mwanamke unakipapasa kitu, unafuata ukingo wake kwa ncha za vidole, au unajigusa wenyewe shavuni na shingoni. Kichwa kimeinama upande, goti limekunjwa, macho yako mbali kama mtu aliyeitwa na ndoto. Mwanamume kando yake amesimama wima, anatazama mbele, ana habari na kinachoendelea. Tazama tangazo la manukato, kisha la bisibisi.

Kuhusu miili iliyovuliwa nguo ili kuuza tairi sitasema mengi. Hata wewe na wifi hapo hamna ubishi.

Kinachonipa shida zaidi ni matangazo yanayomsifia mwanamke, kwa sababu mengine ni mazuri kweli na mengine ni mtego, na mara nyingi yametoka kiwanda kimoja. Mwaka 1968 sigara za Virginia Slims ziliingia sokoni zikimwambia mwanamke kwamba ametoka mbali, enzi za kunyimwa uhuru zimepita, sasa ana sigara yake. Haki ya kupiga kura na mapafu meusi kwenye pakiti moja. Marekani ilipoyafunga matangazo ya sigara kwenye televisheni, la mwisho kabisa kurushwa, usiku wa tarehe 1 Januari 1971, lilikuwa lao. Miongo mitatu baadaye, mwaka 2004, Unilever walianzisha kampeni ya Dove ya urembo halisi: wanawake wa maumbo na umri mbalimbali, bila kutengenezwa kama wanasesere. Mimi nililipenda wazo hilo na bado nalipenda. Ila kampuni hiyohiyo ilikuwa ikiuza Axe, marashi ya wanaume ambayo matangazo yake yalikuwa ya makundi ya wanawake wanaomkimbilia kijana aliyejipulizia, na ilikuwa ikiuza Fair & Lovely, krimu iliyowafundisha mabinti kwamba kazi na mchumba huja ngozi ikipungua weusi. Jina la krimu hiyo lilibadilishwa mwaka 2020, ikawa Glow & Lovely. Mwenye duka anajua wateja wake ni wa aina nyingi, na kila mmoja anamwambia anachopenda kusikia.

Hata hivyo mambo husogea, na huwezi kusema sivyo. Nchini Marekani pedi na tamponi hazikuruhusiwa kutangazwa kwenye televisheni hadi 1972. Neno lenyewe la hedhi kwa lugha ya kila siku lilitamkwa kwenye tangazo mwaka 1985, na mwigizaji Courteney Cox. Kisha tukaishi miaka na miaka na kile kimiminika cha bluu kinachomiminwa kwenye pedi badala ya damu, kana kwamba wanawake ni kalamu za wino, hadi mwaka 2017 pedi za Bodyform za Uingereza zilipothubutu kutumia rangi nyekundu. Nchini India, sabuni ya Ariel ilifanya kampeni iliyowauliza wanaume waziwazi kwa nini kufua kuwe kazi ya wake zao. Hapo ndipo ungependa kusimama, nadhani: mume aliyeonyeshwa kuwa mtu mzima anayeweza kujifunza.

Ninajua swali litakalofuata, maana wateja wangu wote huliuliza: sisi tunaonyesha tu jamii ilivyo, kosa letu nini? Hoja hii isitupwe. Mtafiti Martin Eisend alijumlisha tafiti nyingi za miaka na nchi mbalimbali mwaka 2010, akakuta kwamba kwa kiasi kikubwa matangazo huifuata jamii. Wanawake wakiingia kazini na vyuoni, matangazo nayo hubadilika, yakichelewa. Kwa hiyo anayedhani tangazo la sabuni ndilo lililomweka mwanamke jikoni anasahau kwamba jiko lilikuwepo kabla ya televisheni. Lakini kioo hiki kina mwenye kukishika, na anachagua kimulike nini. Nyumba ina vyumba vingi. Kwa nini kila tukimmulika mama tunamkuta jikoni?

Nije kwa binti yako. Mwaka 1984 Florence Geis na wenzake waliwaonyesha wanafunzi wa chuo matangazo. Kundi moja lilitazama ya kawaida: mwanamke anamhudumia mwanamume. Kundi lingine lilitazama matangazo yaleyale yaliyopigwa upya na majukumu yamegeuzwa, mwanamume ndiye anayehudumu. Kisha wote wakaandika jinsi wanavyoyaona maisha yao miaka kumi ijayo. Wasichana waliotazama ya kawaida waliandika habari za nyumba na kupunguza habari za kazi na mafanikio, wakilinganishwa na wavulana. Wale waliotazama yaliyogeuzwa waliandika kama wavulana.

Mwaka 2002 Paul Davies na wenzake walikwenda kwenye hesabu. Wasichana waliochaguliwa walikuwa hodari wa somo hilo. Baadhi yao walionyeshwa matangazo ya aina unayoyajua: mwanamke anarukaruka kitandani kwa furaha ya dawa ya chunusi, mwingine anadondosha mate kwa hamu ya keki. Hakuna neno hata moja kuhusu hesabu. Kwenye mtihani uliofuata walifanya vibaya kuliko wenzao, na walipopewa uhuru wa kuchagua maswali wakayakwepa ya hesabu. Tangazo la chunusi halikumwambia yeyote kwamba hana akili. Lilimkumbusha tu kwamba yeye ni mwanamke, na mwanamke ni mtu wa aina ile pale kitandani.

Hizi ni athari za muda mfupi, zimepimwa ndani ya chumba, kwa watu wazima kidogo kuliko binti yako. Usizime televisheni kwa hofu. Nimeona nyumba zilizoizima, na watoto wakayakuta matangazo yaleyale kwenye simu, peke yao, bila mtu wa kuwauliza chochote. Afadhali akae katikati yenu na mtazame pamoja. Msimhutubie. Mpe rimoti, mzime sauti, mbashiri nani atakuwa anasema na anauza nini. Kisha mrudishe sauti muone nani amepatia. Mwambieni atafute tangazo ambalo baba anajua kitu kuhusu mtoto, au mama anajua kitu kuhusu injini. Likipatikana, shangilieni. Na likitokea la mume zuzu, wewe ndiye ulalamike kwanza, kwa sauti, mbele yake. Atajifunza mengi akimsikia baba yake anakataa kusingiziwa kwamba hajui kufua. Naamini unajua.

Binti wa kaka yangu alikuwa na umri kama wa binti yako lile tangazo la vidonge lilipokuwa hewani. Tumekaa nalo mara ya tatu au ya nne jioni moja, akanigeukia. "Shangazi, mbona yule daktari anafumbua mdomo halafu hasemi?"

Nikamwambia alisema, ila walimtoa sauti.

"Alikuwa anasema nini?"

"Usizidishe vidonge viwili kwa mara moja, na usinywe ukiwa na njaa."

Akarudi kutazama skrini, akisubiri lije tena.